Kuwalinda Wenye Ugonjwa Sugu wa Mapafu Dhidi ya Homa Kali za Virusi: Mwongozo kwa Familia za Mkoa wa Tabora

Katika vijiji vya Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, miezi ya mvua ndiyo miezi ambayo tumbaku ya mvuke huchumwa na kuingizwa bani (banda lenye tanuri la kuikaushia), moto wa kuni hukokwa usiku na mchana, na watu hulala wamebanana ndani ya nyumba zilizofungwa madirisha. Mafua yakiingia nyumba moja wakati huo, haichukui siku nyingi kuhamia nyingine. Kijana huumwa siku tatu akarudi shambani. Baba yake, ambaye amekuwa akikohoa kila asubuhi kwa miaka mingi, huanza na mafua yale yale, na ifikapo siku ya sita hawezi kumaliza sentensi moja bila kutweta. Mwongozo huu unahusu tofauti iliyopo kati ya watu hao wawili, na mambo ambayo familia inaweza kuyafanya ili yule mzee naye apone. Hauchukui nafasi ya daktari. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika nyumbani, tena wakati mgonjwa yuko vizuri, na kwa sababu hiyo hatua nyingi zilizomo humu zinaitangulia siku ya homa.

Kwa nini mafua yale yale humwangusha mmoja na kumwacha mwingine

Ugonjwa sugu wa mapafu ni jina linalokusanya magonjwa kadhaa: pumu; ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, unaoletwa zaidi na moshi wa sigara na moshi wa kuni na mkaa; mapafu yaliyobaki na makovu baada ya kifua kikuu kutibiwa; mirija ya hewa iliyopanuka na kutuamisha makohozi; na mapafu yaliyokakamaa kwa vumbi la mawe, ambalo wachimbaji wa dhahabu wa Nzega na Igunga hulivuta kazini. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ugonjwa wa kuziba kwa njia za hewa peke yake uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani mwaka 2021, ukashika nafasi ya nne kati ya visababishi vyote vya vifo.

Kirusi cha mafua, cha UVIKO-19 au kingine chochote cha njia ya hewa kinapoingia kwenye mapafu ya namna hii, kwanza hukuta ulinzi wa mlangoni umelegea. Ndani ya mirija ya hewa kuna vinyweleo vidogo mno ambavyo hupiga kasia bila kupumzika, vikisukuma ute pamoja na vumbi na vijidudu kuelekea kooni. Moshi wa miaka mingi huvilemaza vinyweleo hivyo huku ukiongeza ute, na kile kikohozi cha kila asubuhi ni mwili unaojaribu kufanya kwa nguvu kazi ambayo vinyweleo viliifanya kimyakimya. Pili, seli zilizovamiwa huchelewa kupiga mbiu. Kwa kawaida seli ikiingiliwa na kirusi hutoa kemikali iitwayo interferoni, ambayo huzitahadharisha seli za jirani. Kwa baadhi ya wenye pumu na wenye mirija iliyoharibiwa na moshi, tahadhari hiyo hutoka ikiwa hafifu. Wavutaji wa sigara na wenye kuziba kwa njia za hewa wameonekana pia kuwa na vipokezi vingi zaidi vya ACE2, ambavyo ndivyo mlango wa kirusi cha UVIKO-19 kuingilia ndani ya seli.

Jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni akiba. Mtu mwenye mapafu mazima anaweza kuondolewa pafu moja lote akaendelea kuishi na kutembea. Kwa hiyo nimonia ya virusi ikimjaza maji sehemu moja ya mapafu, anaumwa kweli, lakini sehemu iliyobaki humbeba mpaka apone. Mwenye ugonjwa sugu amekwisha kuila akiba hiyo kidogo kidogo bila kujua, kama familia ambayo kihenge chake kimepungua chini kabisa huku kwa nje kikionekana kile kile. Tena hewa haipungui kwa kadiri ileile mrija unavyopungua: kipenyo cha mrija mwembamba kikirudi nusu, ukinzani dhidi ya hewa inayopita huongezeka mara 16, wala si mara 2. Uvimbe mdogo wa mafua ambao kijana hausikii kabisa unatosha kuifunga mirija iliyokwisha kubanwa. Baada ya hapo bakteria waliokuwa wametulia kwenye ute uliotuama hupata nafasi ya kuleta nimonia ya pili juu ya ile ya virusi.

Si wote wenye magonjwa haya walio katika hatari sawa, na ni haki kulisema hili ili watu wasiogopeshwe bure. Wakati wa UVIKO-19 ilionekana kwamba mtu mwenye pumu iliyodhibitiwa vizuri hakuwa mbali sana na mtu asiye na pumu, ilhali yule ambaye pumu yake ilikuwa imemlazimisha kumeza vidonge vya steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe, kama prednisoloni) katika miezi ya karibuni alikuwa katika hatari kubwa zaidi. Maana yake ni kwamba udhibiti wa ugonjwa kabla ya kirusi kufika hubadilisha mambo kwa kiasi kikubwa.

Hatua ya 1: Pata jina la ugonjwa

Watu wengi huishi na "kifua" au "kubanwa" kwa miaka bila kupewa jina la ugonjwa, na hununua dawa ya kikohozi kila mara duka la dawa muhimu. Mtu yeyote anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anastahili kwanza kupimwa kifua kikuu, na kipimo pamoja na matibabu yake hutolewa bila malipo. Ikionekana si kifua kikuu, au kama alikwisha kuugua na kupona lakini bado anatweta, aombe kuchunguzwa zaidi. Pumu mara nyingi huanza utotoni au ujanani, huja na kuondoka, na husumbua usiku. Kuziba kwa njia za hewa hujitokeza zaidi baada ya umri wa miaka 40 na huongezeka mwaka hadi mwaka. Kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine ndicho huthibitisha, na kama kituo chenu cha afya hakina, ombeni rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa ya Kitete au hospitali ya Nkinga iliyoko Igunga, wakati mgonjwa bado ana nguvu za kusafiri.

Hatua ya 2: Andika hali yake ya kawaida kwenye daftari

Ningeombwa kuchagua hatua moja tu, ningeichagua hii, na gharama yake ni daftari na kalamu. Mhudumu anayempokea mgonjwa usiku hawezi kujua kama anavyopumua sasa ndivyo apumuavyo siku zote. Familia ndiyo ijuayo, lakini usiku wa hofu kila mtu husema lake. Chagueni siku ambayo mgonjwa yuko vizuri, muandike tarehe na mambo yafuatayo.

Andikeni anatembea umbali gani kabla ya kusimama kupumzika, kwa alama za kijijini mwenu: mpaka kisimani, mpaka shuleni, mpaka mlangoni tu. Andikeni analala na mito mingapi, makohozi yake huwa ya rangi gani na kiasi gani kwa asubuhi, na ni dawa gani anazotumia kwa majina na vipimo vyake. Kisha mhesabieni pumzi akiwa ametulia, kwa dakika nzima ya saa, bila kumwambia kwamba mnahesabu, kwa sababu mtu akijua hubadilisha mwendo wa pumzi. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20.

Mkiweza kupata kipima oksijeni cha kidoleni, cha kununua kwa pamoja na majirani au cha kupimiwa zahanati, andikeni na namba yake, yaani asilimia ya oksijeni kwenye damu. Kwa mtu mwenye mapafu mazima namba huwa 95 au zaidi. Wako wagonjwa wa kuziba kwa njia za hewa ambao huishi siku zote kati ya 88 na 92, na kwa hao 91 si dharura, ilhali kwa mwenye pumu ambaye kawaida yake ni 98, hiyo 91 ni habari mbaya. Kidole kiwe na joto na kisiwe na hina wala rangi ya kucha, mkono utulie, na namba isomwe baada ya nusu dakika. Fahamuni pia kwamba kwenye ngozi nyeusi kifaa hiki wakati mwingine huonyesha namba ya juu kidogo kuliko ukweli, hivyo mgonjwa akionekana kuzidiwa, aaminiwe mgonjwa kuliko kifaa.

Vipimo hivi virudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne, na hasa mvua zinapokaribia kuanza mwezi Novemba.

Hatua ya 3: Dawa za kuvuta, na chupa ya kusaidia kuzivuta

Dawa za kuvuta ziko za aina mbili, na kuzichanganya huwaponza wengi. Ya kufungua, kama salbutamoli, hulegeza misuli iliyobana mirija na kuleta nafuu kwa dakika chache. Ya kuzuia, kama beklomethasoni au budesonidi, hupunguza uvimbe wa ndani polepole kwa siku na wiki, na mtumiaji hasikii kitu anapoivuta, jambo linalowafanya wengi waiache. Kwa mwenye pumu, hiyo isiyosikika ndiyo inayomlinda kirusi kinapokuja. Aivute kila siku kama alivyoandikiwa, asukutue kinywa kwa maji baada ya kuvuta, na asiiache akipata mafua kwa kudhani inapunguza kinga.

Wengi hubonyeza dawa kwa wakati mmoja na kuvuta hewa kwa wakati mwingine, na dawa yote huishia kwenye ulimi. Tiba yake ni chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita. Osheni chupa kwa maji ya sabuni na muiache ikauke yenyewe bila kuifuta, kwa sababu plastiki iliyofutwa huinasa dawa kwenye kuta zake. Toboeni tundu kwenye kitako cha chupa kwa waya uliopashwa moto, liwe na umbo na ukubwa wa mdomo wa kifaa cha dawa, kisha ingizeni kifaa na mzibe pembeni kwa gundi au plasta ili hewa isipenye. Mgonjwa akae wima, atikise dawa, atoe pumzi, afunge midomo kwenye mdomo wa chupa, abonyeze mara moja, kisha avute polepole na kwa kina na kuishikilia pumzi kwa sekunde 10 akiweza. Asiyeweza apumue kwa kawaida ndani ya chupa mara 4 hadi 6. Kila mbonyezo uwe na mvuto wake.

Hakikisheni dawa ya kufungua haipungui hata kuisha, kwa kuwa mvua zikikata barabara ya kijijini hakuna atakayeileta.

Hatua ya 4: Ondoeni moshi mahali alipo mgonjwa

Mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, lakini mama anayetweta leo jikoni hawezi kuingoja miaka hiyo. Kama gesi haijapatikana, mpikaji wa kila siku asiwe yule mwenye ugonjwa, hata kama jiko limekuwa lake kwa miaka 30, na hili lizungumzwe kwa heshima ili asione amenyang'anywa nyumba yake. Pikeni nje au chini ya banda lililo wazi pande zote, tumieni kuni zilizokauka kabisa, na jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi lina maana kubwa kuliko mafiga matatu. Koroboi itolewe chumbani mwake.

Kuhusu bani ninasema kwa msisitizo, kwa kuwa ni jambo la mkoa wetu. Kulinda moto wa bani usiku hupewa mara nyingi wazee, kwa kuonekana kuwa ni kazi ya kukaa tu. Kwa mapafu yaliyochoka hiyo ni kazi nzito kuliko kupalilia, kwa sababu moshi wa tanuri huvutwa saa nyingi mfululizo katika hewa nzito ya usiku. Mwenye kifua asikeshe bani, asilale kwenye kibanda cha jirani na tanuri, na tumbaku iliyokaushwa isirundikwe chumba anacholala wala asihusike na kuipanga madaraja, kwani vumbi la majani nalo humbana.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku wa baridi hata kidogo. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na kipima oksijeni cha kidoleni hakiwezi kuitofautisha na oksijeni, hivyo kinaweza kuonyesha namba nzuri mtu akiwa anakufa.

Kuacha sigara hakuhitaji maelezo marefu: hakuna dawa yoyote humu inayolingana na faida yake, na faida hiyo ipo hata kwa aliyevuta miaka 40.

Hatua ya 5: Chanjo

Chanjo ya UVIKO-19 ilianza kutolewa nchini Julai 2021, na wenye magonjwa sugu walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa. Chanjo ya mafua makali hurudiwa kila mwaka kwa kuwa kirusi chake hubadilika, na ile ya nimonia ya bakteria hukinga dhidi ya maambukizi ya pili yanayofuata virusi. Ulizeni hospitali ya wilaya au ya mkoa ni zipi zinazopatikana kwa watu wazima. Chanjo haizuii kila mafua. Inapunguza uwezekano wa kulazwa na kufa.

Hatua ya 6: Kupunguza virusi vinavyomfikia

Mwenye mafua asilale chumba kimoja na mgonjwa wala asimpakulie chakula. Watoto wenye kamasi wamsalimie babu kutoka mlangoni. Shikamoo husikika vizuri hata kwa mbali. Dirisha lifunguliwe mchana hata kama kuna mawingu, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumhudumia. Kwenye misiba na ibada zenye watu wengi ndani ya nyumba moja, avae barakoa au akae nje chini ya mwembe, na ndugu wamsaidie kueleza sababu ili asionekane anajitenga.

Hatua ya 7: Mafua yakishaingia

Kuanzia siku ya kwanza fungueni daftari, muandike pumzi, namba ya oksijeni na rangi ya makohozi asubuhi na jioni. Siku mbili za kwanza zina thamani ya pekee, kwa kuwa dawa ya kupambana na kirusi cha mafua makali iitwayo oseltamiviri hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Kwa hiyo mwenye ugonjwa sugu asingoje "kuona kwanza", aende zahanati mapema. Na msidanganywe na nafuu ya siku ya tatu. Kwa UVIKO-19 hasa, kuzidiwa huja mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10, na oksijeni inaweza kushuka kabla mgonjwa hajajisikia vibaya.

Dawa zake za kuvuta ziendelee zote. Kwa homa na maumivu apewe parasetamoli, bila kuzidisha vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na kwa mtu mwepesi au mwenye tatizo la ini kiasi kiwe kidogo zaidi kama atakavyoelekezwa. Mwenye pumu awe mwangalifu na aspirini na diklofenaki, kwani kwa baadhi yao hubana mirija ghafla. Dawa za kulewesha usingizi zisitolewe, maana humpunguzia msukumo wa kupumua. Antibayotiki haiui kirusi. Huhitajika pale makohozi yanapogeuka ya usaha na kuongezeka huku kutweta kukizidi, na anayepaswa kuamua ni mhudumu aliyemwona. Vivyo hivyo prednisoloni: ikiandikwa na daktari kwa siku chache husaidia sana, ikinunuliwa kiholela hudhuru.

Kuhusu kujifukiza kwa nyungu, najua wengi wanalithamini, na mvuke unaweza kulegeza pua iliyoziba. Hauui kirusi kilichomo kwenye mapafu, na kwa mtu mwenye pumu joto na harufu kali ya majani vinaweza kumbana akiwa amefunikwa blanketi, bila mtu kumwona. Kwa wagonjwa hawa ninashauri kuacha, na badala yake wapewe maji, uji na mchuzi vuguvugu kidogo kidogo mara nyingi.

Anapotweta akae ameinama mbele, viwiko vikiwa juu ya magoti au meza, avute hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza chai ya moto. Namna hii huzuia mirija isijifunge kabla hewa ya ndani haijatoka. Mwenye pumu anayebanwa sana avute salbutamoli kwa chupa, mbonyezo mmoja mmoja, kuanzia 4 hadi 10, na anaweza kurudia kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza, huku safari ya hospitali ikiwa imekwisha kuanza.

Hatua ya 8: Saa ya kuondoka

Ondokeni mara moja, iwe mchana au usiku, mkiona lolote kati ya haya: hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, pumzi zimefika 30 kwa dakika au zaidi, midomo au ulimi umegeuka rangi ya bluu au kijivu, amechanganyikiwa au analala kupita kawaida, kifua kinauma kwa ndani, dawa ya kufungua haileti nafuu, au nafuu yake haidumu hata saa nne. Kwa namba ya oksijeni, chini ya 90 ni dharura kwa aliyezoea kuwa juu, na chini ya 88 kwa aliyezoea kuwa kati ya 88 na 92. Ikishuka kwa 3 chini ya kawaida yake, hata kabla ya kufika hapo, mpelekeni akaonwe siku hiyo hiyo. Mgonjwa aliyekuwa akitweta kwa nguvu kisha akanyamaza huku bado anasinzia, amechoka kupumua. Msidhani amepata nafuu.

Safari ipangwe kabla ya mvua: namba za simu za wenye magari wawili, si mmoja, fedha za nauli zilizotengwa, kadi ya bima, na njia mbadala pale daraja likifunikwa. Bodaboda ni hatari kwa mtu anayesinzia, kwa hiyo bajaji au gari litafutwe, na mgonjwa asafirishwe akiwa ameketi, asilazwe chali.

Mkifika, toeni daftari na dawa zake zote. Kama ana ugonjwa wa kuziba kwa njia za hewa, mwambieni mhudumu waziwazi, kwa sababu oksijeni hupewa kwa kiasi: kwa wagonjwa hawa hulengwa 88 hadi 92, na ikimiminwa kupita kiasi hewa chafu ya kaboni inaweza kujikusanya kwenye damu na kumlaza usingizi mzito. Msiongeze mtungi wenyewe mkiona namba haijafika 98.

Hatua ya 9: Baada ya kurudi nyumbani

Kupona kwa mapafu haya huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi miwili, na mgonjwa asirudishwe shambani kwa kuwa homa imekwisha. Aanze kutembea mpaka mlangoni, kesho mpaka kwenye mti, akiongeza kidogo kila siku, kwani kulala tu hulegeza misuli ya kupumulia. Arudi kliniki ndani ya wiki nne akiwa na dawa zake na ile chupa, aombe aangaliwe jinsi anavyoivuta. Kikohozi kikizidi wiki mbili baada ya hapo, au akikonda na kutoka jasho usiku, apimwe kifua kikuu tena hata kama aliwahi kutibiwa. Kisha fungueni ukurasa mpya wa daftari, muandike tarehe, umbali anaotembea sasa, pumzi zake na namba yake ya oksijeni, kwa kuwa kawaida yake baada ya homa kali huenda isiwe ile ya mwaka jana.